Je, Jua la Kivu Linamaliza Dawa ya Magugu Majini?

Maswali ya wasomaji, Bukavu

Barua nyingi tulizopokea tangu mvua za Septemba zianze zinazunguka jambo moja: dawa ya kuua magugu ikishaingia kwenye mfereji, mto au ziwa, je, jua huimaliza? Tumechagua zile ambazo zimeuliza kwa uwazi zaidi. Majibu hayana urefu sawa, kwa kuwa baadhi ya maswali yanadai hesabu na maelezo, na mengine yanadai neno la tahadhari tu.

*Mwalimu, jambo. Mimi ni mkulima wa mpunga upande wa Kamanyola. Tunapulizia dawa ya magugu iitwayo 2,4-D, na jioni vijana huenda kuosha pampu kwenye mfereji unaorudi mto Ruzizi. Nilipowakataza, muuzaji wa dawa aliniambia nisiwe na wasiwasi, kwa sababu jua la huku bondeni ni kali na dawa yote inaungua kwa siku moja. Je, ni kweli?*
Mkulima, Kamanyola

Papa, asante kwa swali, na asante zaidi kwa kuwakataza vijana. Alichosema muuzaji kina ukweli ndani yake, lakini ameuvuta ukweli huo kupita kiasi, na watakaoumia ni wale wanaochota maji chini ya mfereji wako.

Ni kweli kwamba mwanga wa jua huvunja dawa nyingi zilizoyeyuka majini, na jambo hilo halikujulikana jana. Mwaka 1966 wanakemia Donald Crosby na H. O. Tutass, wa Chuo Kikuu cha California, walieleza jinsi 2,4-D inavyovunjika hatua kwa hatua inapoangaziwa ndani ya maji. Kwanza kile kipande chenye asidi hukatika na kubaki diklorofenoli. Kisha atomu za klorini hung'oka moja baada ya nyingine na nafasi zake kuchukuliwa na oksijeni iliyoshikana na haidrojeni. Na mwishoni hubaki masalia ya rangi ya kahawia yanayofanana na humasi ya udongo. Kwa hiyo kuvunjika kupo. Kasoro iko katika hiyo siku moja aliyokuahidi.

Molekuli haiwezi kuvunjwa moja kwa moja na mwanga ambao yenyewe haiunywi, yaani haiufyonzi. Tabaka la ozoni huko juu huzuia karibu mionzi yote ya jua yenye urefu wa wimbi ulio chini ya nanomita 290, na 2,4-D hunywa mwanga vizuri kwenye nanomita 283 hivi, yaani katika sehemu ile ambayo ozoni imekwisha kuizuia. Inaambulia pembezoni tu mwa mionzi mikali, hivyo inapungua kwa siku nyingi, pengine kwa wiki kadhaa, na katika shamba la mpunga bakteria wa maji na wa udongo huwa na mchango mkubwa kuliko jua katika kuiondoa.

Dawa nyingine zina tabia tofauti kabisa. Trifluralini, ambayo yenyewe ina rangi ya manjano inayokaribia chungwa, hunywa hata mwanga unaoonekana kwa macho, na ikiwa katika maji maangavu nusu yake hupotea ndani ya masaa. Glifosati, ambayo labda ndiyo inayojulikana kuliko zote katika mashamba yetu, hainywi mwanga wa jua unaofika duniani; inaondoka majini kwa kushikwa na udongo na kwa kuliwa na bakteria, ambao huigeuza kuwa kemikali iitwayo AMPA, na hiyo nayo huchelewa kuisha. Parakwati hunasa kwenye udongo wa mfinyanzi kwa nguvu sana, na ikishanasa ndani ya tope jua halina njia ya kuifikia. Hiyo ndiyo dawa iliyopoteza kibali chake katika Umoja wa Ulaya mwaka 2007, na mtu akiimeza hakuna dawa ya kuizimua. Muuzaji anayesema kwamba jua linaunguza dawa zote amezitia katika kapu moja kemikali ambazo hazina undugu hata kidogo mbele ya mwanga.

Tena kuna saa yenyewe ya kuosha. Umeandika kwamba vijana huosha pampu jioni. Huku kwetu, karibu na ikweta, usiku una masaa 12 mwaka mzima. Maji yale yanaingia mferejini wakati jua linazama, yanatembea usiku kucha bila kuguswa na mwale hata mmoja, na alfajiri yanawakuta wenye ndoo wakati bado yako karibu kama yalivyotoka kwenye pampu, yakiwa yamepunguzwa makali na wingi wa maji tu.

Na huo wingi wa maji, je, unatosha? Tufanye hesabu. Tuchukue dawa yenye gramu 720 za 2,4-D kwa lita, na mkulima anayetia mililita 50 katika pampu ya mgongoni ya lita 15. Ndani ya pampu mna gramu 36, yaani gramu 2.4 kwa kila lita. Kazi ikiisha, tuseme nusu lita imebaki chini ya tangi, ndani ya mpira na kwenye kichujio. Hiyo ni gramu 1.2. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 30 za 2,4-D kwa lita. Ili gramu 1.2 zishuke hadi kiwango hicho, zinahitaji lita 40,000 za maji safi. Kwa kipimo cha Umoja wa Ulaya, ambacho ni mikrogramu 0.1 kwa lita kwa kila dawa ya shambani, zinahitaji lita milioni 12. Hiyo ni pampu moja ya kijana mmoja, na mfereji wenu una vijana wengi.

Njia ya kufanya haina gharama. Pimeni dawa inayotosha shamba ili isibaki. Pampu ikiisha, tieni maji kidogo ndani yake, tikiseni, na mpulizie maji hayo juu ya sehemu ileile iliyokwisha kupuliziwa. Rudieni mara tatu. Maji ya kuoshea yabaki shambani, mbali na mfereji, mahali ambapo udongo na bakteria wake watayashughulikia. Na kama shamba limefurika, fungeni mlango wa maji baada ya kupulizia, msiyaruhusu yatoke mpaka siku zilizoandikwa kwenye karatasi ya dawa zipite. Maji ya shamba la mpunga yana kina cha sentimita chache tu, hivyo mwanga hufika hadi chini, na hapo ndipo jua la bonde la Ruzizi linaweza kusaidia kweli, ilimradi mpunga haujafunga majani na kutia kivuli.

*Mwalimu, sisi huku Kabare tunaweka maji katika chupa za plastiki juu ya mabati ili jua liue vijidudu, kama tulivyofundishwa. Tunachota kwenye kijito kinachopita chini ya mashamba, na siku hizi watu wengi wanapulizia dawa kabla ya kupanda. Je, jua hilohilo linaondoa na dawa?*
Mama wa watoto, Kabare

Mama, jibu ni hapana, na ninaomba unisome mpaka mwisho ili usije ukaacha jambo jema kwa sababu ya jibu hili.

Njia mnayotumia ni nzuri kwa vijidudu. Wataalamu wa taasisi ya maji ya Uswisi iitwayo Eawag walianza kuichunguza kwa ajili ya familia zisizo na maji salama mwaka 1991, na kanuni zake zinajulikana: chupa angavu isiyozidi lita 2, maji yasiyo na tope, masaa 6 juani, au siku 2 mfululizo kukiwa na mawingu mengi. Kipimo cha tope ni rahisi: simamisha chupa iliyojaa juu ya kichwa cha habari cha gazeti, tazama kutoka mdomoni mwa chupa kuelekea chini, na kama huwezi kusoma herufi zile kubwa, chuja maji kwanza. Vijidudu hufa kwa mionzi ya urujuanimno iliyo mirefu, kuanzia nanomita 320 hadi 400, ikisaidiwa na joto.

Dawa za magugu ni habari nyingine. Plastiki ya chupa hizo huzuia mionzi mifupi, ile iliyo chini ya nanomita 320 hivi, na hiyo ndiyo ambayo nyingi za dawa hizi zinaihitaji ili zivunjike. Mionzi iliyobaki inatosha kuharibu kijidudu lakini haiitikisi molekuli ya 2,4-D wala ya glifosati. Zaidi ya hayo, maji uliyoyachuja mpaka yakang'aa yamepoteza sehemu ya vile vitu vya asili ambavyo, kama utakavyoona katika jibu linalofuata, husaidia jua kuvunja dawa.

Kuchemsha hakusaidii pia. Dawa hizi hazipai pamoja na mvuke; maji hupungua kwenye sufuria na dawa hubaki, kwa hiyo ukichemsha muda mrefu unaikoleza kidogo. Makaa ya jikoni si sawa na yale makaa maalumu ya vichujio, ambayo yametengenezwa ili yawe na vitundu vingi visivyoonekana. Hayo maalumu hukamata vizuri 2,4-D na atrazini, dawa nyingine ya magugu, lakini glifosati hayaiwezi sana.

Lililobaki ni kuchagua maji yenyewe. Chemchemi iliyojengewa juu ya mashamba ni bora kuliko kijito kilicho chini yake. Maji ya mvua yanayotoka kwenye mabati ni bora pia, mradi umwage ya dakika za kwanza, ambayo yanasafisha vumbi na uchafu. Kama hamna budi kuchota kijitoni, msichote siku ya kupulizia wala mvua kubwa ya kwanza baada yake, kwa kuwa hiyo ndiyo inayoshusha dawa nyingi kwa mara moja. Na chupa juu ya mabati ziendelee, Mama. Kipindupindu kiko karibu nasi kuliko dawa ya magugu, na kinaua kwa haraka zaidi.

*Mimi ni mwanafunzi wa kemia hapa Bukavu. Nimesoma kwamba kuna dawa zinazokaa muda mrefu juani katika maji yaliyotoneshwa ya maabara, lakini katika maji ya bwawa zinapotea mapema. Jua ni lilelile. Tofauti inatoka wapi? Na je, ninaweza kuonyesha jambo kama hili shuleni bila mashine za gharama?*
Mwanafunzi, Ibanda

Swali lako limegusa kiini cha somo zima, nami nitalijibu kwa urefu.

Anza na nishati. Mwanga wa nanomita 300 hubeba kilojuli 400 hivi kwa kila moli, na kiwango hicho kinakaribiana na nguvu ya viungo vingi vya kaboni na klorini. Nguvu ya kukata ipo, basi. Kinachokosekana mara nyingi ni uwezo wa molekuli ya dawa kuunywa mwanga huo. Atrazini, kwa mfano, hunywa kwa wingi kwenye nanomita 222 na kwa kiasi kidogo kwenye 263, na zaidi ya 290 hainywi karibu chochote. Ukiiweka katika maji yaliyotoneshwa, jua linapita ndani yake kama vile haipo.

Maji ya bwawa, ya kinamasi au ya mto yana vitu vinavyounywa mwanga kwa niaba ya dawa. Cha kwanza ni humasi iliyoyeyuka, yaani masalia ya majani na mizizi iliyooza, ile inayofanya maji ya vinamasi vya Walungu na Kabare yawe na rangi ya chai. Molekuli za humasi zikinywa mwanga husisimka, na zikiwa katika hali hiyo zinaweza kunyang'anya elektroni kutoka kwenye dawa iliyo karibu, au kuikabidhi oksijeni iliyoyeyuka nishati yao na kuigeuza kuwa oksijeni kali isiyodumu. Cha pili ni nitrati, inayotoka kwenye mbolea, vyoo na udongo. Nitrati ikiangaziwa hutoa radikali ya haidroksili (radikali ni kipande cha molekuli chenye elektroni isiyo na mwenza), ambayo ni kati ya vitu vikali kuliko vyote katika maji ya asili: haidumu hata sehemu ndogo ya sekunde, kwa sababu inashambulia karibu kila kitu inachokutana nacho. Ni kwa njia hizi za mzunguko kwamba atrazini, ambayo jua lenyewe haliigusi, hukatwa matawi yake ya pembeni na kubadilika.

Usidhani, hata hivyo, kwamba maji yakizidi kuwa ya kahawia basi kazi inazidi kwenda mbio. Humasi hiyohiyo inayozalisha radikali huzila pia, na inatia kivuli. Katika maji ya ziwa angavu mionzi mikali hushuka mita kadhaa. Katika maji ya kinamasi yenye rangi nzito huishia sentimita chache kutoka juu. Kwa hiyo kuna kiasi cha kati ambacho humasi inasaidia, na zaidi ya hapo inazuia.

Sasa njoo nyumbani. Maji ya juu ya Ziwa Kivu yana pH ya 9 hivi na yana bikabonati nyingi kuliko maziwa mengi, kwa sababu ya mawe ya volkano na gesi ya kaboni inayotoka kilindini. Radikali ya haidroksili ikizaliwa katika maji ya namna hii, mara nyingi hukutana na bikabonati au kabonati kabla haijaifikia dawa, na inageuka kuwa radikali ya kabonati. Hiyo ya pili ni pole zaidi na ina uchaguzi: inazishambulia fenoli, anilini na dawa za jamii ya diuroni, lakini jamii ya atrazini inaiacha karibu bila kuigusa. Maana yake ni kwamba muda uliopimwa katika ziwa la Ulaya lenye maji laini hauwezi kuhamishiwa Kivu kama ulivyo. Hili linanigusa sana, kwa sababu ripoti nyingi zinazosomwa hapa kwetu zinachukua tarakimu za mbali na kuzitumia kana kwamba maji yote ni mamoja. Tuna vyuo, tuna kituo cha Lwiro chenye historia ya utafiti tangu mwaka 1947, na tuna vijana kama wewe. Vipimo vya maji yetu vinapaswa kufanywa katika maji yetu.

Kuhusu kuonyesha jambo hili shuleni, usitumie dawa ya magugu yenyewe. Tumia vitamini B2, ambayo hupatikana katika duka la dawa, peke yake au ndani ya vidonge vya vitamini B. Ponda kidonge, kiloweke katika maji, chuja kwa kitambaa safi, na utapata maji ya manjano. Yagawe katika sahani tatu nyeupe zinazofanana, kina cha sentimita moja hivi. Ya kwanza ifunike kwa karatasi ya alumini. Ya pili iache wazi juani saa sita mchana. Ya tatu iweke juani pia, lakini juu yake weka bakuli angavu la kioo lenye maji ya kinamasi, ili mwanga upite kwanza ndani ya maji hayo. Tazama kila baada ya robo saa. Ile iliyo wazi itapauka mbele ya macho yako. Iliyo chini ya maji ya kinamasi itachelewa. Iliyofunikwa itabaki na rangi yake. Hiyo iliyofunikwa usikose kuiweka hata siku moja, maana bila yake hutajua kama rangi imepotezwa na mwanga au na joto na muda tu. Wanaopima dawa za kweli nao huwa na chupa yao ya gizani. Kumbuka pia kuwaambia wenzako kwamba vitamini B2 hunywa mwanga wa bluu unaoonekana, kwa hiyo haraka yake inafanana na ile ya trifluralini, na haiwezi kuwa kipimo cha 2,4-D.

*Sisi wavuvi wa Idjwi tunaona maji ya ziwa ni meupe, kando ya kisiwa unaona mpaka mawe ya chini. Lakini mvua ikinyesha maji mekundu yanashuka kutoka mashambani. Dawa zikifika ziwani zinaishia wapi? Na zikivunjwa na jua, zimekwisha kweli? Tunawafikiria sambaza, samaki wetu wadogo.*
Mvuvi, Idjwi

Ndugu mvuvi, umeona sawasawa kwamba yote mawili yanatokea katika ziwa moja.

Jua letu lina nguvu. Tuko karibu nyuzi 2 kusini mwa ikweta, na uso wa ziwa uko kwenye mita 1,460 hivi juu ya bahari. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa asilimia 10 hadi 12 kila mtu anapopanda mita 1,000. Katika kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, mbingu zikiwa wazi na maji yakiwa maangavu, dawa inayovunjika kwa mwanga inapata nafasi nzuri.

Lakini wakulima hawapulizii wakati wa kiangazi. Wanapulizia Septemba na Februari, misimu ya kupanda inapoanza, na hapo ndipo mawingu yanapotanda na mito inaposhusha udongo. Dawa nyingi zinaingia ziwani zikiwa ndani ya tope, chini ya anga la mawingu. Zile zinazoshikamana na udongo, kama parakwati na sehemu kubwa ya glifosati, huzama nao. Kivu lina kina cha mita 485, na oksijeni haivuki mita 60 au 70 za juu. Kinachozama hadi huko kimeingia gizani kabisa.

Hata dawa iliyoyeyuka juu haikai juani wakati wote. Upepo huyachanganya maji, na tone lililo juu asubuhi linaweza kuwa mita 20 chini jioni. Tuseme kwa mfano kwamba mionzi inayofaa inafanya kazi katika mita 3 za juu, na maji yanachanganyika hadi mita 30. Hapo dawa iko mwangani kwa sehemu moja tu ya kumi ya muda, na ile ambayo ingepungua nusu kwa siku 2 kwenye bakuli itahitaji siku kama 20 ziwani.

Swali lako la pili ndilo ambalo watu wengi hulisahau. Dawa ikivunjwa, haijawa maji bado. Imegeuka kitu kingine, na kitu hicho lazima nacho kivunjwe. Mara nyingi vizazi hivyo ni dhaifu kuliko dawa mama. Mara nyingine sivyo. Katika delta ya mto Rhône, kusini mwa Ufaransa, ambako mpunga hulimwa kwa wingi kama huko Ruzizi, watafiti walikuta majini diklorofenoli na hata fenoli zilizopachikwa kundi la nitro, ambazo zilitokana na mabaki ya dawa za magugu kukutana na jua na nitrati. Fenoli za namna hiyo hazikutiwa shambani na mtu yeyote; zilizaliwa majini. Mtu akipima 2,4-D peke yake na kuikosa, akatangaza kwamba maji ni safi, amepima nusu tu ya kilichopo.

Sambaza wenyewe hawazibebi sana 2,4-D na glifosati mwilini, kwa kuwa hizo zinapenda maji kuliko mafuta. Trifluralini ndiyo inayoingia katika mafuta ya samaki kwa wingi, na ni bahati kwamba jua ndilo adui yake mkubwa. Ninachokiogopa zaidi kwa ajili yenu ni chakula cha sambaza. Atrazini na diuroni huua magugu kwa kuzuia usanisinuru, yaani ule uwezo wa mmea kutengeneza chakula kwa mwanga, na miani midogo ya ziwani hutumia uwezo huohuo. Miani ikipungua katika ghuba, viumbe vidogo vinavyoila hupungua, na sambaza anayekula viumbe hivyo hukosa chakula bila hata tone la dawa kumgusa yeye. Zitazameni kwanza ghuba zilizofungika, zenye maji machache na zinazopokea mito ya mashambani. Katikati ya ziwa wingi wa maji unasaidia. Ukanda wa nyasi na matete kati ya shamba na maji hupunguza tope linaloshuka, na ni jambo ambalo wavuvi na wakulima wa kisiwa kimoja wanaweza kukubaliana bila kungoja mtu kutoka nje.

*Nina bidoni ya dawa ya magugu iliyopitwa na muda. Jirani amenishauri niiache wazi juani mpaka nguvu iishe, kisha niimwage. Nifanye hivyo?*
Msomaji, Bagira

Usifanye hivyo. Dawa iliyokolea hunywa mwanga wote katika ngozi yake ya juu, na iliyo chini yake haiguswi. Hata baada ya wiki nyingi bidoni itakuwa na dawa karibu yote, pamoja na mvuke ambao watoto watauvuta na hatari ya mtu kuimwaga kwa bahati mbaya. Ifunge vizuri, iache na karatasi yake ya maelezo, iweke mahali pa giza penye kufuli, mbali na chakula, kisha uliza huduma ya kilimo ya eneo lako au duka lililokuuzia kuhusu njia ya kuirudisha. Bidoni tupu isafishwe mara tatu shambani, itobolewe, na isitumiwe kuchotea maji wala kuwekea mawese.